Ringi za Maksudi

Mikate ilimwagika pale pale penye watu wengi, maana balaa nalo huchagua mahali. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, kwenye kona ya mgahawa wa maharage ya ful, watu wamepanga foleni na bakuli zao. Zinhum akatokea na baiskeli yake, chaga la fito za mtende kichwani, pana kama mlango, limejaa mikate ya moto iliyotuna, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika chaga. Ringi ya nyuma, ambayo ilikuwa imepinda tangu Ramadhani na nyumba nzima ilikwisha kuambiwa kwamba imepinda, ikagusa breki, ikang'ang'ania. Baiskeli ikasimama. Zinhum hakusimama.

Hakuumia, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angevunjika hata kidole watu wangemwonea huruma. Mikate ikatapakaa kwenye maji yaliyomwagwa na mwosha sufuria, mingine ikabingirika mpaka chini ya magari. Foleni ikavunjika. Watu wazima wakainama, wakawa wanaokota mkate mmoja mmoja, wanaubusu, wanaugusisha kwenye paji la uso, wanauweka juu ya ukingo wa ukuta, kwa sababu mkate haukanyagwi. Lakini midomo iliyokuwa inaubusu mkate ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inamsema yeye.

"Haramu hii, wallahi! Neema ya Mungu kwenye matope!"

"We bwana, kama huiwezi kazi si uwaachie wenyewe?"

"Mwacheni, kalala macho wazi huyo."

Mzee Hamuda, muuza vitunguu, aliyekuwa na mkokoteni wake kwenye kona ile tangu enzi za tramu, alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama aliyefiwa. "Mtoto wa Maksudi huyo," aliwaambia watu, kana kwamba kuna asiyejua. "Baba yake kabeba mikate mtaa huu miaka nenda rudi, na hakuangusha hata mmoja. Hata mmoja!"

Maneno hayo Zinhum alianza kuyasikia kabla hajaota ndevu. Aliyasikia siku aliyorithi kazi, aliyasikia siku ya harusi yake, na sasa anayasikia amepiga magoti, suruali imelowa, anafukua mkate chini ya teksi. Alipoinua uso alimwona kijana mmoja amenyanyua simu, anamrekodi.

"Umenipata vizuri?" Zinhum alimuuliza. "Au nianguke tena?"

Kijana hakuona haya. "Angalia huku kidogo, mjomba," alisema.

*

Tajiri Guda, mwenye tanuri, alikuwa ameketi dirishani na glasi yake ya chai. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kumchoma mwenzake polepole.

"Mara ya ngapi hii, Zinhum?"

"Ya pili, tajiri."

"Ya tatu. Ile ya mbele ya zahanati umeisahau?"

"Ile ilikuwa mikate michache tu."

"Ilikuwa mikate." Tajiri akakoroga chai. "Haya. Hiyo iliyomwagika umeshainunua, itie kwenye gunia uende nayo. Kesho Ijumaa pumzika. Jumamosi njoo na magurudumu ya binadamu, siyo hayo ya sarakasi. Kuna kijana ana pikipiki, kafunga kasha nyuma, kila siku ananipigia simu. Mie sikufukuzi, sikiliza. Tumetoka mbali mimi na wewe. Ringi zako ndizo zinazokufukuza."

"Nitazinyoosha, tajiri."

"Ringi ile hata ukiinyoosha kwa dua hainyooki. Tafuta nyingine." Kisha, Zinhum akiwa ameshageuka na gunia lake begani, akaongeza kwa sauti ya upole iliyouma kuliko tusi: "Maksudi angekuwa hai, angesemaje?"

Waliokuwa wakikanda unga walijifanya hawakusikia. Zinhum aliburura baiskeli mpaka nyumbani, maana haikuwa inapandika tena, huku moyoni akimjibu tajiri majibu mazuri sana ambayo asingethubutu kuyatamka.

*

Familia ilikaa kwenye vyumba viwili, orofa ya juu kabisa, chini ya dari la wazi wanapokaushia nguo. Inshirah, mkewe, alifungua mlango, akaliona gunia.

"Leo tajiri kawa mkarimu!" alisema. Halafu akaiona suruali. "Ah. Basi tena."

"Usianze, Inshirah."

"Nimeanza nini? Nimesema basi tena."

Walikula mulukhiya siku hiyo, mboga ya majani inayovutika kama mlenda, na ile mikate, ambayo Inshirah alikuwa ameipangusa kwa kitambaa na kuipasha moto. Binti yao mkubwa, Nawara, aliyekuwa ameshachumbiwa, alimega vipande vidogo vidogo kama mgonjwa. Mdogo wake Shuruq, aliyekuwa darasa la pili, alitafuna kidogo akakunja uso.

"Bibi, mkate una mchanga."

"Unga haukuchekechwa vizuri," alijibu Hajati Daulat, mama yake Zinhum, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli. "Kula."

Inshirah aliangua kicheko, kicheko kisicho na raha. "Unga gani, Mama? Mkate umeanguka barabarani, mtaa mzima umeuona kwenye simu. Jirani wa chini kanionyesha mimi mwenyewe, ananiuliza kama namjua huyo bwana."

Bibi kizee alitafuna, akameza. "Nimesema tu," alisema.

Zinhum hakuyatilia maanani mazungumzo hayo. Alikuwa na lake, akaona heri alitoe mara moja. Aliwaeleza maneno ya tajiri, ila hakuyagusa yale ya mwisho. Ringi zote mbili hazifai. Ya nyuma imepasuka ilipoungwa, ya mbele imeliwa na kutu. Asipopata nyingine kufikia Jumamosi, atakuwa amemwaga unga, na watakula nini wote humo ndani, hakuna anayejua.

"Nunua mpya," alisema Inshirah.

"Kwa kutumia nini? Meno yangu?"

"Ulizia bei kwanza, ndipo uning'akie."

"Nimeulizia. Bei yake nikikutajia hutalala."

"Ringi za baba yako zipo darini," alisema Hajati Daulat. "Chuma cha zamani kile, kizito. Siku hizi wanauza bati lililopakwa rangi ya fedha."

Inshirah aliweka kijiko chini. "Mama, moja umeitandia wavu unakaushia bamia."

"Na bamia zimewahi kuanguka?"

Shuruq alicheka mpaka akapaliwa. Hata Nawara alitabasamu. Zinhum naye alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa ameshapata alichokitaka: ringi za bure, na juu ya bure, ringi za Maksudi. Tangu alipokuwa anaburura baiskeli alikuwa anaziwaza hizo. Alijiona Jumamosi anapita kwenye ile kona, chaga limetulia kichwani, na Mzee Hamuda wa vitunguu anaziona ringi anazitambua.

Inshirah alimsoma usoni. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu mno asimsome. "Baba Nawara," alisema polepole, "mwenzangu, chuma kile kimepigwa na mvua na jua tangu kabla hujanioa. Mimi kwenye mchezo wetu naweza kuomba zamu yangu isogezwe. Mama Basanti ndiye anayeshika pesa. Nitamwomba."

Kijiko cha Nawara kiligonga bakuli. Pesa ya mchezo huo wa wanawake wa jengo lao, waliyokuwa wakichangiana kila mwezi na kila mwezi mmoja wao akabeba zote, ilikuwa imeshapangiwa kazi yake: friji. Upande wa mwanamke ndio unaoleta friji, na mama mkwe mtarajiwa alikwisha kuulizia, tena kwa kurudia, kama itakuwa ya mlango mmoja au miwili.

"Pesa ya friji haiguswi," alisema Zinhum, akaona amesema neno la kiume. "Unataka nimwambie nini yule mama? Kwamba binti yangu anakwenda na baiskeli?"

"Mwambie binti yako ana baba mwenye kazi!"

"Ringi zipo darini, Inshirah. Zipo. Bure. Mtu mwenye akili hanunui alichonacho."

"Hivi wewe unataka ringi," Inshirah aliuliza, "au unamtaka baba yako?"

Zinhum alipandwa na hasira. Alisukuma bakuli, akapanda darini, na kule juu wakamsikia anang'oa wavu.

"Bamia zangu!" alipiga kelele Hajati Daulat.

*

Ijumaa baada ya swala, mafundi wote wa baiskeli walikuwa wamefunga ila Barsum, ambaye ni Mkristo na siku yake ni Jumapili. Zinhum alishuka ngazi na ringi mbili begani, na kila orofa akakuta mlango uko wazi.

"Kulikoni, Zinhum, unahama?"

"Umeuza baiskeli kwa vipande?"

Alijibu kila mmoja "Mungu akubariki" kwa sauti ya mtu anayelaani. Barabarani alipita makusudi kwenye kona ya ful. Mzee Hamuda alikuwa hayupo, kaenda kula, na Zinhum akaona hata bahati nayo imemchoka.

Kibanda cha Barsum kilikuwa kidogo kiasi kwamba fundi mwenyewe alifanyia kazi nje, kwenye kigoda. Aliipokea ringi ya kwanza, akaizungusha kwenye vidole vyake, akaigonga kwa spana. Ikalia vizuri.

"Chuma," alisema. "Chuma cha kweli."

"Si nilikwambia!" Zinhum alisema, ingawa hakuwa amemwambia kitu. "Za marehemu baba hizo. Unamkumbuka?"

"Nani asiyemkumbuka? Nilikuwa mdogo hapa hapa, nampelekea baba yangu chai." Aliichukua ile ya pili, ya bamia, akaigonga. Mlio wake ukawa mfupi, kama sahani yenye ufa.  Akachukua brashi ya waya, akasugua kutu, akasugua tena, na pakatokea doa la njano.

"Shaba," alisema. "Kazi ya marehemu baba yangu hii. Hakuna aliyekuwa anaziba kwa shaba hivi ila yeye. Ringi ikipinda sana ikapasuka, anainyoosha halafu anaijaza." Akasugua mbele kidogo. "Na hapa." Akaizungusha. "Na hapa pia. Eh! Na hapa. Ringi hii imepigwa viraka kama kanzu ya maskini, bwana Zinhum."

"Labda iligonga jiwe."

"Jiwe linabonyeza. Hii imekunjwa. Inakunjika hivi gurudumu linapolala upande na uzito juu yake." Barsum alikuwa anasema kama fundi, bila nia mbaya, macho yake kwenye ringi. "Inakunjika mtu anapoanguka na mzigo."

"Baba yangu hakuwahi kuangusha mzigo."

Barsum aliinua macho, akamwona uso ulivyo, akajirudi haraka. "Basi labda iliangukiwa na ukuta," alisema. "Kuta za zamani zile, unazijua."

"Fundi, usinifanye mtoto."

"Mie sijui kitu, ndugu yangu. Mie nasema ninachokiona." Akaweka ringi kwenye mapaja ya Zinhum, taratibu, kama anamrudishia mtu mtoto wake. "Ukitaka nizifunge, nazifunga. Zitakufikisha. Sijui wapi, lakini zitakufikisha. Mpya ninazo ndani, mbili, na hizi za zamani nakukatia kwenye bei kama chuma chakavu. Fikiria. Mie nipo mpaka Magharibi."

Zinhum alikaa kwenye ukingo wa njia, ringi magotini. Alipitisha kidole kwenye kiraka kimoja, kingine, na kingine. Alikasirika, kwanza na Barsum, kisha na baba wa Barsum aliyeziba kwa shaba inayong'aa badala ya kitu kisichoonekana. Kisha akakumbuka mchanga. Akakumbuka meno yake mwenyewe, ya utotoni, yanasaga mkate unaokwaruza, na sauti ya mama yake ikimwambia unga haukuchekechwa vizuri, kula. Sauti ile ile ya jana wakati wa chakula.

Alinyanyuka ghafla hata Barsum akashtuka.

*

Saa hiyo hiyo Inshirah alikuwa amekaa kwa Mama Basanti, kwenye kiti karibu na mlango, kiti cha wadai na wauza sabuni. Mama Basanti alimfanya asubiri mpaka amalize kupaka kucha za miguu. Wanawake wengine wa mchezo walikuwepo, na hakuna aliyeona sababu ya kuondoka.

"Kwa hiyo nikuelewe, mpenzi," alisema Mama Basanti, akipuliza vidole. "Unataka zamu yangu mwezi huu, mimi nichukue yako mwezi wa mbele. Kwa sababu ya friji?"

"Si kwa sababu ya friji."

"Aa. Tulifikiri friji. Mama wa mchumba wa Nawara tulikutana naye sokoni, katueleza habari ya milango miwili."

"Ni ringi za baiskeli," alisema Inshirah. Aliona bora aliseme mwenyewe kuliko kusemewa.

Mmoja akajikohoza, na kile kikohozi kilikuwa kicheko.

"Usione vibaya," Mama Basanti alisema, "ile video tumeiona wote. Maskini. Pole sana. Mie nitakupa zamu, nani asiye na shida? Ila mwezi wa mbele, nikichukua yako, utaniongezea kidogo. Si riba, haramu. Ni zawadi tu. Na zile sufuria za Nawara, zile nzuri za seti, umeziweka chini ya kitanda tu, si ndiyo? Basanti wangu ana wageni wiki ijayo. Atazitumia kidogo tu."

Inshirah alitaka kumtolea uvivu. Maneno yalikuwa tayari, yamejaa mdomoni: kwamba hata Mama Basanti mumewe aliwahi kukimbia wadai kwa kupitia dari la nguo. Akayameza. Akasema, "Atume mtu azichukue." Akapokea bahasha, akashukuru, akatoka, na ngazini akaegemea ukuta akalia kidogo, kwa hasira tu, si kwa huzuni. Halafu akajifuta kwa ncha ya mtandio na kupanda.

*

Alimkuta mumewe amesimama katikati ya chumba, na Hajati Daulat ameketi sakafuni mbele ya sinia la bamia, anazitunga kwenye uzi upya huku akinung'unika kuhusu watoto wasio na adabu. Zinhum aliiweka ringi mapajani mwa mama yake.

"Hapa," alisema, akigusa. "Na hapa. Na hapa. Na hapa."

"Chuma kikizeeka hutoa madoa," alisema bibi kizee.

"Mama, shaba haioti kwenye chuma."

Hajati Daulat alichukua bamia nyingine, akaitoboa.

"Unga haukuchekechwa vizuri," alisema Zinhum.

Mikono ya mama yake ikasimama. Nawara alitoka chumba cha ndani, akabaki mlangoni. Inshirah aliificha bahasha nyuma ya mgongo bila kujua kwa nini anaificha.

"Alikuwa anaangusha," Zinhum alisema. "Alikuwa anaangusha kama mimi."

"Mvua ikinyesha," alisema Hajati Daulat kwa sauti ndogo. "Na siku nyingine bila mvua. Macho yake hayakuwa mazuri, Zinhum. Mashimo alikuwa hayaoni."

"Na sisi tukala mchanga."

"Ulikuwa unashiba? Nijibu. Kuna siku ulilala njaa?"

"Na mimi nikianguka, Mama, unakaa hapo hapo unaniambia baba yako hakuangusha hata mmoja! Tangu nikiwa kijana! Kila nikipanda ile baiskeli shingo inaniuma si kwa chaga, inaniuma kwa ajili yake! Kwa nini?"

"Yeye ndiye aliyelisema kwanza," mama alisema, na sasa alikuwa amekasirika pia, hasira ya mtu aliyekamatwa. "Alikuja hapo mlangoni, paji limechubuka, ringi hiyo imekunjwa kama kikaango, gunia la mikate michafu mkononi. Wewe mdogo kuliko Shuruq, umemkimbilia, unamuuliza: Baba, hukuangusha? Akasema, hata mmoja. Ningefanya nini? Nimuumbue mbele ya mtoto wake? Nikaipangusa ile mikate nikasema unga. Wewe ukatoka nje ukawaambia wenzako, baba yangu hajaangusha hata mmoja. Watu wakalichukua, wakalipenda. Alipokufa likabaki hilo. Hakuacha kingine, mwanangu. Aliacha ringi mbili na hilo neno."

"Na Mzee Hamuda? Anayetangaza kila siku pale kona? Naye hajui?"

Hajati Daulat alitazama bamia zake. "Hamuda ndiye aliyekuwa akitusaidia kuokota," alisema.

Zinhum alicheka. Alicheka vibaya, mpaka ikabidi akae kitandani, na Shuruq akaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini. Inshirah alikuja akaweka bahasha kwenye goti lake.

"Umeomba?" Zinhum aliuliza.

"Nimeomba."

"Alikudhalilisha?"

"Usiniulize."

Zinhum akamgeukia Nawara.  Binti alikuwa anaitazama bahasha kama mtu anayeliangalia basi lake likiondoka.

"Nunueni," Nawara alisema. "Kwani nimesema kitu? Hata sufuria, Basanti kanipigia simu sasa hivi, zimeshapata mwenyewe. Nunueni!" Akaufunga mlango wa chumba kwa nguvu, chokaa ikadondoka kwenye sinia la bamia.

Hajati Daulat alianza kuipuliza chokaa, bamia moja moja.

*

Jumamosi alfajiri Zinhum alifika tanurini na ringi mpya, zinang'aa hata gizani. Usiku wote Inshirah hakuwa amemsemesha ila mara moja, kumwambia akaze nati. Ringi za Maksudi aliziacha kwa Barsum kwenye rundo la vyuma chakavu, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nje ya tanuri palikuwa na pikipiki yenye kasha.

"Sabahi njema," alisema Tajiri Guda dirishani. "Nimegawa. Kijana atachukua upande wa zahanati na soko, wewe utabaki na upande wa ful na shule. Nusu kwa nusu. Haki bin haki."

"Tajiri, umesema nije na ringi. Hizi hapa. Mpya!"

"Nimeziona. Hongera, zimekupendeza."

"Nimechukua pesa ya friji ya binti yangu."

"Na nusu ya mtaa umeipata, kwani nimekunyima?" Tajiri alisema, kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio uliomfanya Zinhum atamani kumpiga kwa chaga. Hakumpiga. Alijiinamia, wakamtwika, akapanda.

Ringi mpya zilikuwa nyepesi mno. Zile za zamani zilikuwa nzito, zikishika njia zimeshika. Hizi zilirukaruka kwenye kila kijiwe, usukani ukawa unawasha mkono. Alikwenda polepole, akitukana kimoyomoyo tajiri, pikipiki, Mama Basanti na kucha zake, na barabara. Kwenye kona ya ful gurudumu la mbele lilidunda shimoni. Chaga likayumba. Akalishika. Akalishika kwa shingo, kwa meno, kwa kila kitu alichonacho, likatulia. Lakini mikate miwili ya ukingoni ikateleza, ikaanguka.

Alisimamisha baiskeli, mguu mmoja chini. Foleni ya maharage ikageuka. Mzee Hamuda alinyoosha shingo juu ya vitunguu vyake, akavuta pumzi ya kusema.

"Mtoto wa Mak..."

"Mzee Hamuda," Zinhum alimkata, na chaga lake kichwani hakuweza hata kugeuka kumtazama. "Nami nisaidie kuokota."

 Rangi ya uso ikambadilika mzee. Kisha akatoka nyuma ya mkokoteni wake, kwa shida, magoti yakimlilia, akainama, akaokota mkate wa kwanza akaubusu, akaokota wa pili akaubusu, akamtilia Zinhum kwenye mfuko wa koti.  Alimpigapiga mfuko ule mara moja, akarudi kwenye vitunguu.

*

Adhuhuri alipanda ngazi, shingo imekakamaa, mshahara wake umekatwa katikati kabla hajaupokea. Ndani walikuwa wameshatandika mkeka. Nawara alikuwa hajatoka chumbani. Hajati Daulat alikuwa ameketi mahali pake, na hakuwa amethubutu kumtazama mwanawe tangu jana yake. Shuruq ndiye aliyemkimbilia mlangoni, akamkumbatia miguu.

"Baba! Na ringi mpya! Hukuangusha?"

 Inshirah alikuwa na sahani mkononi. Zinhum alifungua mdomo, na neno lile lilikuwa pale pale, tamu, limeshakaa tayari kwenye ulimi, wala halikuhitaji kusukumwa. Alimwona mama yake amefumba macho.

Aliingiza mkono mfukoni, akaitoa ile mikate, akaiweka kwenye mkeka mbele ya mtoto.

"Niliangusha miwili," alisema. "Hii hapa. Ina mchanga. Ikung'ute kwanza, ndipo ule."